Mvumilivu hula mbivu, ngoja ngoja huumiza matumbo: namna ya kusoma maadili ndani ya methali

Kuanzia Oktoba, korosho zikianza kuingia maghalani, mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika huku kwetu Mtwara na Lindi hujaa hadi watu wakasimama nje ya madirisha. Mkulima amekwisha kupeleka magunia yake, yamepimwa, yameandikwa, yamekwenda ghala kuu, mnada umepita na bei imetajwa. Kilichobaki ni fedha kuingia kwenye akaunti. Fedha zikikawia, mmoja wa walioketi meza kuu atasimama awaambie watu, "Ndugu zangu, mvumilivu hula mbivu." Hajaketi, mama mmoja aliyekaa kwenye mkeka kule nyuma anamjibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndugu mwenyekiti." Watu wanaangua kicheko, halafu mkutano unapata uzito ambao haukuwa nao.

Wote wawili wamechota kwa wahenga walewale, na hakuna aliyekosea. Sasa mtu akiuliza Waswahili wanathamini nini, subira au kuwahi, tumjibu nini? Orodha nyingi za maadili yaliyomo katika methali zitachukua ile ya kwanza, zitaandika "subira", kisha zitasonga kwenye "umoja" na "heshima kwa wakubwa". Zimebeba nusu ya mazungumzo, tena nusu ya aliyekaa meza kuu. Ya yule mama wa kwenye mkeka imeachwa, na ndani yake mna maadili pia: haki ya mtu kulipwa jasho lake kabla watoto hawajalala na njaa.

Ninavyoelewa mimi, methali ni hoja. Husemwa na mtu fulani, kwa mtu fulani, siku ambayo kuna jambo la kuamua. Ukiitoa hapo ukaiandika peke yake ubaoni, kinachobaki ni maneno mazuri yenye maana nusu. Shuleni tulizoea mwalimu aseme "Haba na haba," darasa zima liitikie "hujaza kibaba." Tulizikariri vizuri, na nashukuru, maana bila hivyo nyingi tusingekuwa nazo leo. Lakini hatukuulizwa ni nani humwambia nani maneno hayo, wala yule anayeambiwa hujibu nini. Mkulima anayeuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa mlango wa nyuma nje ya ushirika, mwezi wa nane, kwa bakuli, kwa bei ya kuumia, ukimwambia haba na haba hujaza kibaba atakutazama tu. Akiwa na nguvu za kujibu atakuambia mwenye njaa hana miiko.

Methali kupingana si jambo la Kiswahili peke yake, wala si jambo la jana. Katika Biblia, kitabu cha Mithali sura ya 26, aya ya 4 inakataza kumjibu mpumbavu kwa upumbavu wake, usije ukafanana naye. Aya ya 5, inayofuata papo hapo, inaagiza ajibiwe kwa upumbavu wake, asije akajiona ana hekima. Waliopanga kitabu kile hawakuwa wamesinzia. Waliziweka jirani makusudi, na kumwachia msomaji kazi ya kupima mpumbavu aliye mbele yake ni wa kuachwa au wa kujibiwa.

Kwetu jozi kama hizo zimejaa. Umoja ni nguvu, lakini kila ndege huruka kwa ubawa wake. Damu ni nzito kuliko maji, lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ukiziangalia kwa makini utaona kwamba hazijatawanyika ovyo. Zimekusanyika pale ambapo maisha yenyewe yanamvuta mtu pande mbili. Mtu mwenye mshahara mdogo Masasi mjini, ambaye mpwa wake anataka ada na mtoto wake mwenyewe anataka ada, anaishi katikati ya methali hizo mbili kila Januari. Jamii haijamwandalia jibu. Imemwandalia maneno ya pande zote mbili, na imempa uhakika kwamba wengi wamewahi kusimama pale aliposimama. Kwa hiyo anayetaka kujua maadili ya watu kupitia methali zao aanze kwa kutafuta mahali zinapogongana. Hapo ndipo watu hao wanapojali zaidi.

Ushahidi mzuri wa nguvu hii ya hoja unatoka Nigeria. Mwanaanthropolojia wa Marekani, John Messenger, aliandika mwaka 1959 juu ya mabaraza ya Waanang wa kusini-mashariki mwa nchi ile, ambako wenye kesi walitumia methali kuwavuta waamuzi. Katika kesi moja mtu aliyejulikana kwa wizi alishtakiwa tena. Mlalamikaji akatoa methali: mbwa anayeweza kuchuma matunda ya mchikichi hamwogopi nungunungu. Vichala vya mchikichi vina miiba, na aliyezoea miiba ile hatishwi na miiba mingine. Maana yake mwizi huyu mkubwa atashindwaje na hiki kidogo? Baraza likamgeuka mshtakiwa. Karibu na hukumu naye akatoa yake: kware mmoja akipita porini haachi njia. Yaani mimi ni mtu peke yangu, sina kundi la kunitetea, msinihukumu kwa sababu hiyo. Akaachiwa. Sasa mtu aziandike hizo mbili katika orodha ya maadili ya Waanang, aone zinavyokuwa kavu.

Hebu tumchukue mgeni, maana juu ya mgeni dunia nzima imesema, na sisi tumesema zaidi ya wengi. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunasema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pwani iko hata hesabu ndefu yenye vina, inayoanza na mgeni siku ya kwanza kupewa mchele na panza, siku ya nne akapewa jembe akalime, na ikifika siku ya kumi anatolewa kwa mateke na magumi.

Wachewa wa Malawi na Msumbiji, ambao ni majirani wa Wayao, husema *mlendo ndi amene amadza ndi kalumo kakuthwa*: mgeni ndiye anayekuja na kijiwembe kikali. Hapo mgeni haletwi kama mzigo. Ameona ya kwingine, hana upande katika ugomvi wa nyumba ile, kwa hiyo neno lake linaweza kukata fundo lililowashinda wenyeji. Ni jirani kabisa na mwenyeji wetu anayepona kwa kuja kwa mgeni. Maandiko ya kale ya Wahindi yanaagiza mgeni awe kwako kama mungu. Wajojia wa milima ya Kaukazi husema mgeni ni wa Mungu.

Halafu inakuja hesabu ya siku, na hapo inashangaza. Katika hadithi za Mtume Muhammad, haki ya mgeni kukirimiwa ni siku tatu, na linalozidi hapo ni sadaka. Plautus, mtunzi wa michezo ya kuigiza wa Roma aliyefariki mwaka 184 kabla ya Kristo, alimweka mhusika wake aseme kwamba hakuna mgeni asiyechosha baada ya siku tatu. Benjamin Franklin wa Marekani alichapa mwaka 1736 kwamba samaki na wageni hunuka baada ya siku tatu. Roma, Hijazi, Marekani, Kilwa: wote wanazunguka siku ya tatu. Sababu naiona ndani ya ghala. Nyumba ya mkulima ina chakula kilichopimwa kufika msimu ujao. Siku moja au mbili za kupika wali na kuchinja kuku zinabebeka, ila wiki mbili zinakula mbegu. Ukarimu usio na mpaka ungewafilisi wakarimu wote, na baada ya hapo asingebaki wa kumpokea yeyote. Kwa hiyo ile methali ya jembe haipingani na ukarimu. Inaulinda.

Mwalimu Nyerere alilielewa hilo. Katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya Ujamaa alitumia methali hiyo kueleza kwamba katika jamii zetu za zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi, kisha akaongeza kwamba mara nyingi mgeni mwenyewe angeomba jembe kabla ya kupewa, kwa kuona aibu kukaa bure. Kumbuka aliisema akiwa kiongozi wa chama tawala katika nchi changa iliyohitaji watu wafanye kazi. Baba mwenye nyumba akiisema ni ushauri wa familia, na kiongozi wa taifa akiisema ni sera.

Huku kusini methali hiyo ilipimwa kwa namna ambayo hata wahenga hawakuwaza. Vita ya ukombozi wa Msumbiji ilianza Septemba 1964 na uhuru ukaja Juni 1975. Miaka yote hiyo wakimbizi walivuka Ruvuma kuja upande wetu, na wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi Nachingwea. Huyo alikuwa mgeni wa miaka kumi na zaidi. Kule Rutamba, Lindi, wakimbizi walipewa ardhi walime, yaani jembe kwelikweli, na kwa heshima. Lakini kwa Wamakonde na Wamakua wengi swali la mgeni lilikuwa na utata tangu mwanzo, kwa sababu aliyevuka mto alikuwa mjomba, binamu, mtu wa ukoo uleule. Mpaka uliwekwa na Wareno na Wajerumani, ukoo haukuwekwa nao. Katika hali hiyo watu hawakuiacha methali ya mgeni. Waliona tu kwamba haimhusu huyu, wakachukua ile ya damu.

Na hapa tunagusa jambo ambalo methali nyingi za maadili hulificha: zinasema "ndugu", "mwenzio", "mgeni", bila kusema mstari unapita wapi. Waarabu wana msemo maarufu unaouchora mstari huo wazi: mimi na ndugu yangu dhidi ya binamu yangu, mimi na binamu yangu dhidi ya wa mbali. Mstari unasogea kadiri adui anavyosogea. Wazulu wana *umuntu ngumuntu ngabantu*, mtu ni mtu kwa watu, na msomaji wa Kiswahili anaisikia karibu bila mkalimani. Imesifiwa dunia nzima kwa haki. Lakini nayo, kila inaposemwa, inamngoja mtu aseme "watu" ni akina nani. Ndiyo kazi iliyofanyika kule Ruvuma.

Mtu akilinganisha methali za mataifa haraka atavutwa kusema "kumbe binadamu wote ni wamoja." Kuna ukweli humo, ila kuna njia mbili za kufanana, na ni vizuri kuzitenganisha. Waswahili tunasema kidole kimoja hakivunji chawa. Washona wa Zimbabwe wanasema *chara chimwe hachitswanyi inda*, ambayo ni kidole kilekile na chawa yuleyule. Picha ikifanana hadi kwenye chawa, dhana yangu ni kwamba tumerithi pamoja au tumeambukizana njiani, na hizi ni lugha ndugu za Kibantu. Wachewa nao wana *mutu umodzi susenza denga*, kichwa kimoja hakibebi paa, na kila aliyewahi kuona paa la nyasi lililosukwa chini likinyanyuliwa na vijana kuwekwa juu ya nyumba anajua methali hii ilizaliwa wapi.

Njia ya pili ni wazo kufanana huku picha ikiwa mbali. Sisi tunasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwanafalsafa wa China, Han Fei, aliyefariki mwaka 233 kabla ya Kristo, aliandika kwamba maji ya mbali hayazimi moto wa karibu, na Wachina hadi leo huutumia msemo huo, pamoja na mwingine kwamba ndugu wa mbali hamshindi jirani wa karibu. Hakuna haja ya kutafuta nani kamwiga nani. Nyoka ni shida ya mtu wa vichaka, moto ni shida ya mtu wa nyumba za mbao zilizobanana, na wote wawili wamegundua kwamba msaada una umbali wake. Ingawa nikiri kwamba ile ya Wachina ingepokelewa vizuri sana Newala na Tandahimba, huko juu uwandani, ambako akina mama wa vizazi vingi walishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani.

Wazo hili la jirani na ndugu lina sura yake huku kwetu kwa sababu ya jinsi koo zilivyo. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Mjomba ana neno kubwa katika ndoa, msiba na urithi, na kwa desturi ya zamani ya Wayao na Wamakua kijana akioa alihamia kwa kina mke. Sasa rudia methali tulizozoea ukiwa na hilo kichwani. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo": nani anaambiwa hapo? Katika jamii inayohesabu kwa baba, kidole kinaelekea kwa baba. Huku kinaelekea kwa mama na kaka yake. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe": mkwe mpya aliyefika kwa wakwe zake aliisikia kwa sikio jingine kabisa, kwa kuwa jembe lilikuwa linamngoja yeye. Methali ni ileile ya Kiswahili, imetoka pwani, lakini imekuta nyumba zenye mpangilio tofauti, na maadili yaliyomo yamegeuka pamoja na nyumba.

Waakan wa Ghana nao huhesabu ukoo kwa mama. Wana methali fupi na kali: *abusua dɔ funu*, ukoo hupenda maiti. Ndugu ambao hawakuonekana wakati wa ugonjwa, hawakuleta hata nauli ya hospitali, mtu akifa wanafurika, wanachanga, wanashona sare, wanagombea nani aongoze mazishi. Aliyeishi huku hahitaji kuelezwa. Ila sisi lawama hiyo mara nyingi haibebwi na methali. Inabebwa na mtani. Kwenye msiba, mtani ndiye atakayelala mahali pa maiti, au aige sauti ya ndugu aliyekuja na suti kutoka mjini, aulize kwa kelele alikuwa wapi mwezi uliopita. Watu watacheka na machozi yao, na aliyesemwa hana ruhusa ya kukasirika. Kwa hiyo mtu akikusanya methali zetu tu, asione ile ya kuukosoa ukoo, asije akaandika kwamba watu wa kusini hawaukosoi ukoo. Wanaukosoa, tena hadharani, kwa mlango mwingine.

Hiyo ndiyo hitilafu ya kuhukumu taifa kwa methali moja. Wajapani huelezwa kila mahali kwa ile ya kigingi kinachochomoza kupigwa nyundo, na Wamarekani kwa ile ya gurudumu linalolia ndilo lipakwalo grisi. Basi tunaambiwa Wajapani ni watu wa kundi na Wamarekani ni watu wa kujitokeza. Lakini Wajapani hao hao wanatumia msemo walioupata China kwamba heri kuwa mdomo wa kuku kuliko kuwa matako ya ng'ombe, yaani tangulia pako padogo kuliko kufuata nyuma ya mkubwa. Na wanaozungumza Kiingereza wana ile ya kunena ni fedha, kunyamaza ni dhahabu. Kila taifa lina kigingi na gurudumu. Kinachotofautiana ni ipi inasemwa mara nyingi, na wenye sauti kubwa.

Wenye sauti kubwa ndilo jambo linalonigusa zaidi. Angalia methali ya Waigbo: mwewe atue na tai naye atue, atakayemnyima mwenzake nafasi bawa lake livunjike. Anayesema hivyo anawaona ndege wawili kwa usawa, na yuko tayari kumlaani mwonevu. Sisi wa pwani, ambao tulikuwa na masultani wa Kilwa wakitoza ushuru wa dhahabu ya Sofala, tuna dau la mnyonge haliendi joshi, tuna mwenye nguvu mpishe, tuna wapiganapo tembo nyasi huumia. Zote zinatazama kutoka chini. Wengine huzisoma kama mafunzo ya unyenyekevu, kwamba mnyonge akubali. Mimi nazisikia kama ushahidi wa mtu aliyeona. Mwenye dau analijua dau lake, anajua pia nani anashika upepo. Na watu hawa wa "nyasi huumia" ndio waliong'oa pamba ya Wajerumani katika vilima vya Umatumbi mwaka 1905 na kuanzisha Majimaji. Methali ya mnyonge haikuwazuia.

Zipo pia ambazo naona tuache kuzipamba. Wasena wa bonde la Zambezi wana methali inayoonya mwanamume asioe mwanamke mwenye miguu mikubwa kuliko yake. Mtafiti wa Uholanzi, Mineke Schipper, aliyekusanya maelfu ya methali kuhusu wanawake kutoka pande zote za dunia, aliipa nafasi ya mbele kwa sababu hofu iliyomo aliikuta karibu kila alikokwenda: mke asizidi. Kwetu asiyesikia la mkuu huvunjika guu imetumika kuokoa watoto wengi wasizame na wasiumwe na nyoka, na imetumika pia kumnyamazisha msichana aliyekataa kuozwa. Kisa cha pili tukiseme kwa jina lake. Methali kuwa ya zamani hakuifanyi haki.

Hata hivyo zipo zinazogeuka mikononi mwa msemaji. Waakan husema tetea anajua kumepambazuka, ila anatazamia mdomo wa jogoo. Wanaume wameitumia kusema mwanamke anyamaze barazani. Wanawake wanaweza kuisoma kwa mkazo wa mwanzo: tetea anajua, na jogoo anapiga kelele za habari aliyopewa. Na hapa kwetu mke ni nguo, mgomba kupalilia. Mwanamume akiisema, mke anakuwa kitu cha kutunzwa kama shamba. Mwanamke akimwambia mume mchoyo wakati sikukuu inakaribia, ni dai. Ameikamata methali ya waume akawadai nayo.

Uwezo huo wa kudai bila kugombana ndio ulioifanya kanga iwe chombo kikubwa cha methali huku kusini. Mwanamke akipita mbele ya nyumba ya jirani aliyemsema vibaya, amejifunga kanga iliyoandikwa maneno ya kumjibu, hakuna shauri la kupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Hajatamka neno. Katika unyago nako, kungwi humwimbia mwali mafumbo ambayo maana yake hutolewa kidogo kidogo, na nyingine hazitolewi nje ya kundi lile. Nguvu ya mafundisho ya namna hiyo ilionekana hata na wamisionari. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi mwaka 1926, alichagua kuipa jando sura ya Kikristo badala ya kuipiga marufuku kama wengine walivyotaka. Aliona kwamba maadili ya watu yanakaa ndani ya kumbi, pamoja na nyimbo na mafumbo yake, na kuifuta kumbi ni kuyafuta.

Swali moja limebaki, la kwa nini methali hutushinda hata pale tusipokubaliana nayo. Sehemu ya jibu ni ya kimuziki. Mwaka 2000 wanasaikolojia wa Marekani, Matthew McGlone na Jessica Tofighbakhsh, walichapa utafiti ambamo watu walipewa misemo yenye vina na misemo ya maana ileile isiyo na vina, wakaulizwa kila msemo unaeleza tabia za watu kwa usahihi kiasi gani. Yenye vina ilionekana kweli zaidi. Haraka haraka haina baraka, mali bila daftari hupotea bila habari: masikio hukubali kabla akili haijakaa sawa. Ndiyo maana yule mama mkutanoni hakujibu kwa maelezo ya kawaida, ingawa maelezo alikuwa nayo. Methali yenye mapigo ilihitaji kujibiwa kwa mapigo.

Haya yote yana matumizi, kwa sababu sasa vijana wengi wanakusanya methali za bibi na babu zao kwa simu, na ni kazi ya haraka, maana wanaozijua vizuri kwa Kimakonde, Kimwera, Kimakua, Kiyao, Kimatumbi na Kingindo wanazeeka. Ombi langu kwao ni kwamba wasiishie kwenye methali na maana yake. Ukikaa na bibi yako Ruangwa au Nanyumbu, muulize nani alimwambia methali hiyo mara ya kwanza, na alikuwa amefanya nini siku hiyo. Muulize kama mtoto anaweza kumwambia mkubwa, kama mke anaweza kumwambia mume, kama husemwa mbele ya wakwe. Iandike kwanza kwa lugha yenyewe, neno kwa neno alivyotamka, ndipo uieleze kwa Kiswahili. Andika kijiji. Ikiwa ni ya unyago au ya jando, omba ruhusa, na ukikataliwa iache.

Mwishoni muulize: mtu akikuambia hivyo nawe hukubali, unamjibu nini? Bibi wengi hawatafuti, jibu liko tayari, na mara nyingine wanacheka kabla ya kulitoa. Liandike hapohapo chini ya methali ya kwanza, kwenye ukurasa uleule.